Bampa kwanza au springi kwanza? Kisa cha Ténéré 700 moja ya Arusha kwenda Natron

Pikipiki yenyewe ni Yamaha Ténéré 700, ya mkononi, imetoka Ulaya ikiwa na vitu vyake vya kiwandani tu, haijafungwa kitu cha ziada hata kimoja. Mwenye nayo ni jamaa wa Arusha, mpimaji ardhi, urefu kama sentimita 168, uzito kilo 70 na kidogo, miaka yote kazi zake za porini alikuwa anafanya na DT125, pikipiki ndogo ya porini, kwa hiyo rafu rodi anaijua vizuri sana, ila pikipiki ya kilo 204 yenye injini ya cc 689 ni habari nyingine. Safari aliyokuwa anaipanga ni Arusha, Mto wa Mbu, Selela, Engaruka, Engare Sero pale Ziwa Natron, halafu apande ule ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Sonjo mpaka Waso Loliondo, kisha arudi. Akanitumia orodha ya vitu anavyotaka kuagiza na swali moja tu, hela haitoshi vyote, nianze na vipi.

Orodha ilikuwa ndefu. Bampa za chini na za juu (vile vyuma vya kukinga ubavu pikipiki ikilala), bamba la chini ya injini, wavu wa rejeta, kinga mikono, kinga ya taa kubwa, taa za nyongeza, masanduku ya alumini ya pembeni na vyuma vyake vya kushikia, stendi ya kati, dampa ya usukani (kifaa cha kutuliza usukani usitikisike), vipande vya kunyanyua usukani, futresti pana, na ile linki (vyuma vinavyounganisha shokapu ya nyuma na mkono wa tairi) ya kushusha pikipiki nyuma ili miguu ifike chini. Ukijumlisha bei za huko, nauli, ushuru na VAT ya 18% unakuta umeshakaribia bei ya pikipiki nyingine ndogo mpya, na dampa peke yake ilikuwa inakula sehemu kubwa ya bajeti yake.

Msimamo wangu kwenye haya mambo uko hivi na nausema wazi, kila kilo unayofunga kwa ajili ya kuilinda pikipiki inaongeza uwezekano wa kuiangusha. Bampa kilo tano, masanduku na vyuma vyake yanaweza kufika kilo 15, stendi ya kati, mataa, ukija kushtuka pikipiki ya kilo 204 imeshakuwa 235 na hujaweka hata shati, na mtu wa sentimita 168 kwenye siti iliyo milimita 875 kutoka chini anagusa ardhi kwa ncha za vidole. Kwa hiyo sikuanza na orodha kabisa, nilianza na maswali mawili: barabara ile inavunja nini, na huyu jamaa anaanguka vipi.

Barabara kwanza. Ukishaiacha lami ya upande wa Mto wa Mbu unaingia kwenye vumbi na yale mawimbi ya barabara yanayotikisa kila nati, makorongo makavu yenye kingo za ghafla, changarawe, na ukikaribia Ol Doinyo Lengai unakutana na vumbi la majivu ya volkano, laini mno, mlima ule una mita 2,962 na mlipuko wa 2007 hadi 2008 ulimwaga majivu eneo kubwa. Natron yenyewe iko chini, kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari wakati Arusha tuko kwenye 1,400, yaani unashuka kwenye joto ambalo mchana linavuka nyuzi 40 bila shida. Kutoka Engare Sero kupanda kwenda Sonjo ni kona kali, mawe na mteremko mkali upande mmoja. Miiba ya migunga iko njia nzima. Na kuna kitu wengi hawakipigii hesabu, ukifika Loliondo usidhani utakatiza Serengeti urudi kirahisi, pikipiki haziruhusiwi mle hifadhini, na Ngorongoro ni hivyo hivyo, kwa hiyo ukiharibikiwa huko juu njia ya kurudi nyumbani ni ile ile uliyopandia, kona na mawe yale yale ila sasa unashuka.

Sasa anaangukaje. Nilimwuliza aniambie ukweli pikipiki imeshamlalia mara ngapi na wapi, na majibu yake yalikuwa yale yale ya karibu kila mtu mwenye pikipiki kubwa, anaanguka akiwa amesimama au anatembea taratibu kabisa, anageuza kwenye mchanga, mguu unatafuta chini haupati, basi. Kuanguka kwa kasi hakujawahi kumtokea na tuombe kusitokee, maana kwa kasi hakuna bampa litakalokuokoa wewe. Pikipiki ikilala taratibu kinachogonga chini ni mwisho wa usukani, leva ya klachi au breki, futresti, pedeli ya gia, halafu ubavu wa chini wa injini, na kwenye mchanga hata hivyo vinagusa laini tu. Kwenye mawe ndo kuna kazi.

Ukiunganisha majibu hayo mawili unapata kipimo: kitu cha kulinda kwanza ni kile ambacho kikivunjika unalala hapo hapo, na kinachofuata ni kile kinachokufanya usianguke kabisa. Kioo cha taa kikipasuka unaendelea na safari. Plastiki ya ubavuni ikikwaruzika unaendelea. Rejeta ikitoboka huendi popote, leva ya klachi ikikatika unahangaika vibaya sana, bomba la maji au filta ya oili ikigongwa na jiwe safari imeisha na pengine injini pia.

Rejeta ya Ténéré iko wazi nyuma ya tairi ya mbele, inapokea kila jiwe tairi inalorusha na kila jiwe la lori linalopishana nawe. Wavu wake hauna uzito wa kusumbua na ni wa bei nafuu kuliko karibu kila kitu kwenye orodha, huo ukawa namba moja bila mjadala. Tulichojadili ni aina tu, kuna wavu wa matundu madogo madogo unaopendeza kwa macho na kuna wa matundu makubwa, kwa joto la Natron mimi nasema chukua matundu makubwa, maana ukiibana rejeta isipate hewa unailinda na mawe huku unaichemsha, na matundu madogo yanajaa matope na mbegu za nyasi upesi.

Bamba la chini. La kiwandani lipo lakini ni jembamba na linafunika sehemu ndogo, na injini hii mabomba ya ekzosi yanashuka mbele kabisa na filta ya oili iko huko huko mbele, halafu nyuma ya injini ile linki ya shokapu inaning'inia chini, ukivuka jiwe kubwa injini ikapita salama linki ndo inakaa juu ya jiwe. Kwa hiyo tulitafuta bamba linalofika mpaka kwenye linki. Fundi mmoja wa kuchomelea mjini alikuwa tayari kulitengeneza la chuma cha milimita 3 kwa hela ndogo sana, na mimi napenda kazi za mafundi wetu, ila piga hesabu: chuma cha milimita 3 kina kilo kama 23.5 kwa mita moja ya mraba, alumini ya milimita 4 ina kilo kama 10.8. Bamba la eneo la mita za mraba 0.2 hivi, la chuma linakaribia kilo 4.7 na la alumini kilo 2.2. Kwenye pikipiki ambayo mtu hafiki chini hizo kilo mbili na nusu si za kupuuza, ingawa afadhali ziko chini kabisa na sio juu. Shida ya alumini ni kwamba kuichomelea kunataka mashine ya gesi ya agoni na mtu anayeijua, sio kila karakana ina hiyo, kwa hiyo la alumini likaagizwa. Vitu vya kuangalia ukilipokea ni kama limefungwa kwenye fremu na sio kwenye ngozi ya injini, kama kuna nafasi ya kutosha kati ya bamba na ekzosi ili likigongwa likabonyea lisibonyeze na bomba, na kama lina tundu la kumwagia oili, maana bila tundu kila sevisi unafungua bamba zima na siku moja utaacha nati.

Kinga mikono tulichukua zile zenye upau wa alumini unaozunguka mpaka mwisho wa usukani, sio plastiki tupu. Za plastiki zinazuia upepo na matawi ila pikipiki ikilala zinakunjika na leva inakatika kama kawaida. Halafu kuna ufundi wa bure kabisa hapa: nati za kushikia leva kwenye usukani usizikaze mpaka mwisho, zikaze kiasi kwamba ukiisukuma leva kwa nguvu inazunguka kidogo. Ikigonga chini inageuka, unairudisha kwa mkono, unaendelea. Wengine wanazungushia utepe wa mafundi bomba chini ya kishikio ili izunguke vizuri zaidi.

Bampa ndo zilitusumbua. Yeye alitaka za juu na za chini kwa sababu pikipiki inaonekana imekamilika, na kweli inapendeza. Za juu zinalinda plastiki za mbele na tenki, vitu ambavyo vikiumia roho inauma ila safari haiishi. Za chini zinalinda ubavu wa injini. Tukachukua za chini tu. Na hapa naomba watu wawe makini, bampa lolote lipimwe kwa mahali linapofungwa: kama limeshikiliwa kwa bolti moja ya injini upande huu na moja upande ule, siku pikipiki ya kilo zaidi ya 200 ikilalia jiwe ule mkono mrefu wa bampa unaivuta hiyo bolti, na bampa likibaki zima huku mahali pa bolti pamepasuka umebadilisha hasara ndogo kwa hasara kubwa. Tafuta lenye sehemu tatu za kushikia kila upande na upau unaounganisha kulia na kushoto. Bampa za bodaboda za kuchomelea mtaani zinafanya kazi nzuri sana kwenye pikipiki za kilo 110, huku uzito ni mara mbili.

Masanduku ya alumini nilimkatalia, na hapo nilikuwa mkali. Mtu mfupi kwenye mchanga lazima atapiga kasia kwa miguu, miguu inabaki nyuma, sanduku linakuja na kona yake ngumu linaukuta mguu, watu wamevunjika hivyo. Mabegi laini ya turubai yanabonyea, mepesi, na hayahitaji vyuma vizito vya kushikia. Kufuli hayana, ni kweli, lakini vifaa vyake vya upimaji huwa analala navyo ndani anyway. Taa za nyongeza nazo nje, usiku barabara ile ina twiga, punda milia, ng'ombe na punda wa kawaida, jibu ni kutoendesha usiku. Madumu ya mafuta nje pia, tenki la lita 16 linamtosha Mto wa Mbu mpaka Waso.

Sasa tuje kwenye uendeshaji, na hapa ndo kisa chenyewe kilipo. Alitaka dampa ya usukani kwa sababu mbele ilikuwa inatikisika kwenye mchanga, inacheza kushoto kulia mpaka anaachia mafuta. Dampa ni kifaa kizuri, inapunguza hiyo tikisiko kweli. Lakini kabla ya kununua dawa tukapima ugonjwa. Tulinyanyua tairi ya mbele tukageuza usukani kwa mkono kusikiliza beringi, ziko sawa, hazijalegea wala hazijakazwa mno. Tukapima shokapu ya nyuma, na hiki kipimo kila mtu anaweza kufanya nyumbani na futi ya fundi na rafiki wawili: nyanyua nyuma mpaka tairi ining'inie, pima kutoka ekseli mpaka alama yoyote iliyo juu yake wima kwenye plastiki, shusha, mwendeshaji apande na nguo zake zote na mzigo wake wote, pima tena. Tofauti iwe karibu theluthi ya safari yote ya shokapu. Ténéré nyuma ina milimita 200, kwa hiyo unatafuta kama 65 mpaka 70. Yeye alikuwa anazama karibu 90, na mzigo wake wote kaufunga juu nyuma ya siti.

Nyuma ikizama hivyo mbele inanyanyuka, tairi ya mbele inakuwa nyepesi, mchanga unaipeleka unakotaka. Ndo tikisiko lake hilo. Pikipiki hii ina kirungu cha kukaza springi ya nyuma kwa mkono bila spana, tukakikaza mpaka tukafika kwenye 70, mzigo ukashushwa ukaenda mbele kwenye mabegi ya pembeni karibu na mapaja, akaenda kujaribu kwenye mchanga wa korongo na mzigo huo huo, akarudi akasema dampa acha kwanza. Hela iliyobaki kwenye dampa ikaenda kwenye springi ngumu zaidi za shokapu za mbele, maana za kiwandani ni laini kwa mzigo wa namna hii, ukishuka ukingo wa korongo mbele inazama mpaka mwisho na hapo ndo rimu zinapigwa na mtu anarushwa, na mbele haina kirungu cha kukaza kama nyuma. Ukinipa hela ya kitu kimoja tu kwenye pikipiki iliyobeba mzigo, mimi nanunua springi.

Linki ya kushusha nyuma ilikuwa vita nyingine. Anataka kufika chini na namwelewa, lakini linki ile inakula nafasi ya chini ya injini, na milimita 240 za nafasi ndo sababu ya kununua pikipiki hii, vile vile ukishusha nyuma bila kushusha na shokapu za mbele usukani unakuwa mzito na mvivu wa kugeuka. Badala yake fundi wa viti alipunguza sponji ya siti, zaidi pembeni pale mapaja yanapopita kuliko katikati, kwa hela ya kawaida kabisa, na tofauti aliiona siku hiyo hiyo. Vipande vya kunyanyua usukani hakuvihitaji, hivyo ni vya warefu, yeye akisimama kwenye futresti mikono inafika vizuri, tulichofanya ni kuzungusha usukani mbele kidogo na kuinamisha leva ili kiganja kikae sawa akiwa amesimama. Futresti pana alinunua, na nakubaliana naye, barabara ile nusu ya siku umesimama na vile vyuma vyembamba vinachimba unyayo.

Tairi zikawa za meno ya wastani, saizi zile zile 90/90-21 mbele na 150/70-18 nyuma, tyubu nene kwa ajili ya miiba. Upepo kwenye mchanga mtupu ungependa ushushe mpaka 20 psi hivi, ila kwa mawe ya Sonjo tyubu inabanwa na rimu inapasuka, akakaa kwenye 26. Tyubu ya akiba alibeba moja tu ya 21, kwa dharura inaingia hata kwenye tairi ya 18 ya nyuma. Stendi ya kati tuliiacha, akabeba fito fupi la kuegemezea upande wa pili akitaka kuvua tairi.

Kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha yake kabisa, na nadhani ndo kinga kubwa kuliko zote kwa njia ile, ni filta ya hewa. Watu wanaogopa mawe, vumbi wanaliona la kufuta na kitambaa. Majivu yale yakipita kwenye filta yanasaga silinda na pete kimya kimya. Sponji ya ziada iliyopakwa mafuta juu ya filta, grisi kidogo kwenye mdomo wake ili vumbi lisipite pembeni, na nyingine safi kwenye mfuko wa plastiki ya kubadilisha Waso. Bei yake ni ndogo tu. Na buti. Hela ya bampa za juu ilienda kwenye buti za pikipiki zinazofika karibu na goti, maana pikipiki ikilala kitu cha kwanza kulaliwa ni kifundo cha mguu.

Akaenda. Alianguka kabla ya Engare Sero, kwenye majivu, taratibu, upande wa kushoto kama siku zote. Kinga mkono ikagonga, leva ya klachi ikazunguka, begi likabonyea juu ya buti, akajichomoa akainyanyua pikipiki akarudisha leva. Bampa la chini lilipata mkwaruzo tu. Kwenye kupanda Sonjo bamba la chini lilikalia jiwe likabonyea kiasi cha kidole kuingia, ekzosi haikuguswa. Mwiba ukamtoboa nyuma, ile tyubu ya 21 ikamfikisha Waso. Wavu wa rejeta ulikuwa unajaa mbegu za nyasi na feni ikawa haizimi, akawa anasafisha kila anapopumzika. Filta ya hewa alipoifungua Waso sponji ya nje ilikuwa ya kijivu kabisa na ile ya ndani safi.

Kilichosumbua kweli ni nati. Ile tikisiko ya mawimbi ililegeza bolti mbili za bamba na moja ikadondoka njiani, bamba likaanza kugonga, akalifunga kwa waya mpaka alipopata bolti kwa fundi wa bodaboda, bahati nzuri saizi ilipatikana. Sasa bolti zote za vitu vya ziada zimepakwa gundi ya nati na zimechorwa mstari wa rangi, asubuhi anazungukia pikipiki anaangalia kama mistari bado imenyooka, na kwenye mfuko wa spana kuna bolti za akiba za M6 na M8.

Dampa mpaka leo hajanunua. Anachofikiria sasa ni masika, maana udongo mweusi wa upande wa Monduli na Longido ukilowa unanata na kujaa kati ya tairi na madigadi ya mbele mpaka tairi inagoma kuzunguka, na madigadi ya Ténéré iko chini karibu na tairi. Kuna seti za kuinyanyua juu, tunatafuta ambayo haitapiga kelele na upepo kwenye lami.